Una mzazi mzee Columbus, Ohio? Piga simu kaunti kabla hujasaini mkataba wa nyumba ya wazee

Shifti ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi ni kwa wenzangu tulioko Columbus na vitongoji vyake, Reynoldsburg, Westerville, Hilliard na kwingineko, ambao wazazi wetu tumewaleta huku au wamezeekea huku. Kazi yangu ni STNA, muuguzi msaidizi. Nimeogesha, nimevalisha na nimelisha wazee wa watu kwa miaka mingi, na shifti za usiku ninazofanya zimejaa watu wa Kenya, Tanzania, Kongo na Ghana. Tunajua kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado juu ya kitanda. Ila zamu ikifika ya mama zetu wenyewe, wengi hatujui bili inalipwa na nani. Nimeona familia za kwetu zikimaliza akiba yote, au dada mkubwa akiacha kazi, na mlango wa msaada ulikuwepo, hakuna aliyeubisha.

Nianze na Medicare, ile bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Medicare hailipii mzee kuishi kwenye nyumba ya wazee. Inalipa hospitali, daktari, vipimo. Mzee akilazwa hospitali siku 3 mfululizo, kisha akahamishiwa nasing homu kwa uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya viungo, Medicare ya kawaida inalipa mpaka siku 100. Siku 20 za mwanzo hachangii kitu. Kuanzia ya 21 anachangia kila siku, na kwa mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50. Siku 100 ndio mwisho kabisa, na wengi wanakatiwa kabla, mara tu inapoonekana hahitaji tena wataalamu. Jambo jingine linalowauma watu: mzee anaweza kulala wodini siku tatu, kumbe kwenye karatasi yuko "chini ya uangalizi" tu, hajalazwa rasmi. Siku hizo hazihesabiwi. Ukifika hospitali, kabla hujauliza kingine, muulize muuguzi: mama amelazwa rasmi au yuko kwenye uangalizi?

Sasa bei. Watu wanachanganya sehemu mbili. Nasing homu ni ya mzee anayehitaji uuguzi saa 24. Ile wanayoita assisted living, hapa nitaiita makazi ya uangalizi, ni ya mzee mwenye chumba chake na mlango wake, anayesaidiwa kuoga, kuvaa, kula na kumeza dawa. Ohio inayapa leseni kupitia Idara ya Afya ya jimbo, na kwenye leseni jina lake ni "residential care facility". Utafiti wa bei wa CareScout wa 2024 uliweka bei ya kati ya nchi nzima kuwa dola 5,900 kwa mwezi kwa makazi ya uangalizi. Chumba cha peke yako nasing homu kilikuwa dola 127,750 kwa mwaka. Msaidizi wa kuja nyumbani dola 34 kwa saa. Kituo cha kushinda mchana dola 100 kwa siku.

Pigeni hesabu hapo. Dola 5,900 ukigawa kwa 34 unapata kama saa 173 kwa mwezi, yaani saa 40 kwa wiki. Mzee akihitaji mtu wa kulipwa chini ya saa 40 kwa wiki na nyie wenyewe mkaziba mapengo, nyumbani ni nafuu. Akivuka hapo, nyumbani panakuwa ghali kuliko chumba. Watu wengi hawaamini mpaka waandike kwenye karatasi.

Halafu hiyo 5,900 usiichukue kama bili. Kijitabu cha matangazo kinakuonyesha bei ya chumba, bili yenyewe ina mistari. Wa kwanza ni chumba, milo na kufuliwa. Wa pili ni ada ya kuingia, inalipwa mara moja na mara nyingi hairudi. Wa tatu ni daraja la uangalizi, na hapa ndipo pesa inapokwenda. Muuguzi wa nyumba anakuja na fomu: anaoga mwenyewe? Kumwinua kunahitaji mtu mmoja au wawili? Usiku anavaa pampasi? Dawa anakumbuka? Kila jibu lina pointi, pointi zinazaa daraja, na daraja linazaa dola za kuongeza kila mwezi. Kugawa dawa mara nyingi ni mstari wa peke yake. Bibi mmoja niliyemhudumia aliingia akitembea vizuri na fremu yake. Akaanguka bafuni, akapimwa upya, ikaandikwa anahitaji watu wawili kwenda chooni. Chumba ni kile kile, pazia lile lile, bili imepanda. Mwanawe alisimama mapokezi na ile barua, akiuliza kama wamekosea jina.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba kwa maandishi bei ya madaraja YOTE, siyo la leo tu. Uliza wanampima mzee upya kila baada ya muda gani. Na swali ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: pesa zikiisha, mtampokea kwa Medicaid, ule mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu wasio na uwezo, au atahama? Nyumba nyingine hazipokei kabisa, nyingine zinataka mkazi alipe mfukoni kwa muda fulani kwanza. Jibu hilo lipate wakati bado una uwezo wa kuondoka mezani.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mlango utakaofunguka unategemea karatasi za mzee, siyo zako. Umefanya kazi Marekani miaka ishirini, umelipa kodi, lakini kazi yako haihesabiki kwa mama yako. Medicare ya hospitali ni bure kwa aliyefanya kazi robo-mwaka 40, kama miaka 10, yeye mwenyewe au mwenzi wake wa ndoa. Mama aliyekuja kwa grini kadi akiwa na miaka 68 hana hizo. Akiishi hapa mfululizo miaka 5 anaruhusiwa kuinunua: mwaka 2025 sehemu ya hospitali ilikuwa dola 518 kwa mwezi na sehemu ya madaktari dola 185. Medicaid nayo, kwa mwenye grini kadi wa kawaida, ina kizuizi cha miaka 5 tangu sheria ya 1996. Na ile fomu I-864 uliyosaini wakati unamleta? Ni mkataba. Unabaki mdhamini wake mpaka awe raia au afikishe robo-mwaka 40, na kwenye misaada mingi ya serikali kuu kipato chako kinahesabiwa kama chake.

Ndiyo maana nasema anzeni na kaunti. Franklin County ina ofisi ya wazee, Franklin County Office on Aging, yenye mpango unaoitwa Senior Options kwa wakazi wa kaunti wa miaka 60 na kuendelea. Pesa yake inatoka kwenye kodi ya majengo iliyopigiwa kura na wananchi, haitoki Medicaid. Wanatoa msaidizi wa kuogesha, chakula cha kuletwa mlangoni, kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, usafiri wa hospitali, kituo cha mchana, na mtu wa kukupumzisha wewe unayemtunza mzee. Unachangia kulingana na kipato, na wa kipato cha chini kabisa hachangii. Wengi wetu tunamiliki nyumba na hiyo kodi tunailipa kila mwaka, lakini simu hatujawahi kupiga.

Namba ya pili ni Central Ohio Area Agency on Aging, COAAA, inayohudumia kaunti 8 kuanzia Franklin, Delaware na Licking mpaka Fayette. Hawa ndio wanaopima wazee kwa mipango miwili mikubwa ya Medicaid ya Ohio. PASSPORT ni ya kuanzia miaka 60, na inamletea mzee huduma nyumbani ili asiende nasing homu. Assisted Living Waiver inalipia huduma ndani ya makazi ya uangalizi, na mzee analipa chumba na chakula kutoka kwenye kipato chake. Masharti ya pesa mwaka 2025 yalikuwa haya: kipato kisizidi dola 2,901 kwa mwezi, mali isizidi dola 2,000. Kipato kikizidi usikate tamaa, kuna akaunti maalumu ya kisheria, Miller Trust, inayopokea kile kilichozidi.

Huna namba? Piga 211, waambie unataka msaada wa mzee, watakuunganisha.

---

Binti Mvita

Dada, Mungu akuweke. Sisi hilo la uangalizi wa hospitali lilitupata vile vile ulivyosema. Swali langu ni chakula. Mamangu ana kisukari, mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni, nakuta hajala chochote ila chai. Hizo huduma za chakula ni za walio na Medicaid peke yao?

---

Shifti ya Usiku

Hapana mwanangu, siyo za Medicaid peke yake. LifeCare Alliance ndio wanaopeleka chakula kwa wazee hapa Columbus, shirika la tangu 1898 lililoanza na wauguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani. Chakula kinacholipiwa na sheria ya wazee ya 1965 hakiulizi kipato, kuanzia miaka 60 unaombwa mchango wa hiari tu. Waambie ana kisukari, wana milo ya wenye masharti ya daktari. Na uwe muwazi kuhusu nguruwe kama hamli. Asipokipenda chakula chenyewe, bado kuna faida: kuna mtu anabisha hodi na kumwona kwa macho. Mama anayekaa peke yake kutwa nzima Januari, nje barafu, ndani runinga ya lugha asiyoielewa, hilo nalo ni ugonjwa.

Kwenda kliniki, kama hawezi kupanda basi la kawaida, mwombee COTA Mainstream. Ni gari dogo la kampuni ya mabasi ya mji kwa watu wenye ulemavu. Kuna fomu na anafanyiwa tathmini, kwa hiyo anza mapema.

---

Mzee wa Kazi

Nimesoma yote kwa heshima. Lakini dada, tuambiane ukweli. Mzazi aliyekubeba mgongoni unampeleka kwa wageni wakamvue nguo? Sisi kwetu Moshi hilo halipo. Hata aibu kwa ukoo.

---

Shifti ya Usiku

Kaka, uchungu wako naujua, maana mimi ndiye huyo mgeni anayewavua nguo wazazi wa wenzangu. Kwetu mama anazeeka katikati ya watu: mkamwana yupo, wajukuu wapo, jirani anapita kuomba chumvi na kumjulia hali. Hapa mke na mume wote wanatoka saa kumi na moja alfajiri, watoto shule, nyumba inafungwa. Bibi mwenye ugonjwa wa kusahau anawasha jiko na kwenda kulala. Hayo si matunzo ya ukoo, hata kama yuko chini ya paa la mwanawe.

Sisemi mpelekeni. Moyo wangu uko kwenye kumtunza nyumbani, ndiyo maana nimeandika sana juu ya kaunti na PASSPORT. Ndani ya PASSPORT kuna huduma inayoitwa Choices ambapo mzee anamchagua msaidizi wake mwenyewe, na baadhi ya ndugu wanakubalika kulipwa kwa kazi hiyo. Uliza ni ndugu gani wanaruhusiwa wakati huo. Ninachokataa ni huyu dada mmoja wa ukoo aliyebebeshwa kila kitu. Hana likizo, mgongo umekwisha, na kaka zake wanapiga simu Jumapili kumuuliza "mama anaendeleaje". Gawaneni. Asiyeweza kuogesha alipe siku mbili za kituo cha mchana.

Na kama mmefika mahali makazi ya uangalizi ndiyo salama, nendeni mkamtembelee saa zisizotabirika. Fika saa mbili usiku. Simama koridoni usikilize kengele inalia muda gani kabla mtu hajaenda. Ukifika chumbani, angalia kucha zake na harufu ya shingo. Kukiwa na tatizo, Ohio ina mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee, Long-Term Care Ombudsman, bure. Na nyumba ikitaka kumwondoa mzee, kwa kawaida lazima itoe notisi ya siku 30 kwa maandishi. Msihamishwe kwa simu.

---

Mtoto wa Bukavu

Aksanti sana dada. Naongeza upande wa wakimbizi, maana Wakongo tuko wengi hapa. Mkimbizi hakusubiri ile miaka 5 ya Medicaid, na SSI, ile posho ya kila mwezi ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wasio na kipato, alikuwa anapata kwa miaka 7 ya mwanzo. Mwaka 2025 SSI ilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Shida ni kwamba miaka 7 ikiisha na mzee hajawa raia, pesa inakatika. Tumeona wazee wetu wanabaki bila kodi ya nyumba. Tena sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inasema kuanzia Oktoba 2026 mkimbizi asiye na grini kadi anatoka kwenye Medicaid ya kawaida. Kwa hiyo mzee akimaliza mwaka mmoja, ombeni grini kadi haraka. Uraia nao msiuogope sababu ya Kiingereza. Kama ugonjwa unamzuia kujifunza, kama kusahau au kiharusi, daktari anajaza fomu N-648, na ikikubaliwa mtihani unaondolewa.

Jambo lingine: mzee wa SSI akienda kutembelea Bukavu au Bujumbura siku 30 mfululizo, malipo yanasimama. Wengi hawalijui, wanarudi wanakuta akaunti tupu.

---

Shifti ya Usiku

Umesema kweli ndugu yangu, na hilo la SSI na safari liandikwe ukutani.

Umenikumbusha siku ya tathmini. Kupata PASSPORT au Assisted Living Waiver, Ohio inataka mzee awe kwenye kiwango cha kuhitaji nasing homu. Kwa maneno ya kawaida, anahitaji mkono wa mtu kwenye mambo mawili kati ya kuoga, kuvaa, kula, kujisafisha, kwenda chooni na kutembea. Au moja pamoja na kupewa dawa. Au akili imechoka kiasi kwamba hawezi kuachwa peke yake. Mpimaji anakuja nyumbani na kompyuta yake. Wazazi wetu wanafanyaje? Mama ameamka mapema, ameogeshwa, amevaa kitenge kipya, kilemba kimekaa. Anaulizwa kama anaweza kuoga mwenyewe. Anajibu, "Namshukuru Mungu, mimi mzima kabisa." Mpimaji anaandika: anaweza. Mmekwisha.

Mama hadanganyi, analinda heshima yake mbele ya mgeni. Basi zungumzeni naye usiku wa kuamkia, mtu anayeheshimiwa nyumbani amweleze kuwa huyu si mgeni wa chai. Wewe unayemwogesha uwepo, useme mwenyewe: nani anamwinua, usiku anaamka mara ngapi, ameanguka lini, dawa zipi anasahau. Msimpambe siku hiyo, avae kama siku zote.

Na ombeni mkalimani wa Kiswahili. Ni haki na ni bure, hospitali na ofisi zinazopokea pesa za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mjukuu wa miaka 12 asiwekwe kumtafsiria bibi yake maswali ya choo. Bibi atanyamaza, mtoto ataruka maneno, na fomu itajazwa nusu.

---

Mzee wa Kazi

Nimekuelewa dada, na nimeuchukua vizuri. Sasa swali la upande wa mali. Mzee wangu ana kiwanja na nyumba kule nyumbani, na alikuwa anatuma pesa kujenga mpaka mwaka jana. Kipato chake hapa ni kidogo. Hii itamzuia Medicaid?

---

Shifti ya Usiku

Kaka, hilo msilifiche. Medicaid inauliza mali zote, na nyumba ya Moshi ni mali kama nyumba ya Columbus. Tena kwa huduma hizi za muda mrefu wanaangalia nyuma miezi 60. Pesa au mali iliyotolewa bure ndani ya muda huo inaweza kumletea kipindi cha adhabu, asilipiwe. Pesa aliyowapa ndugu inaweza kuonekana kama zawadi. Pesa aliyojengea nyumba yake mwenyewe ni habari nyingine, lakini lazima uonyeshe karatasi. Kwa hiyo kusanya risiti za kutuma pesa, hati ya kiwanja na jina lililoandikwa humo. Mara nyingi kiwanja ni cha ukoo na mzee ni msimamizi tu, na bila hati hakuna atakayeamini.

Msikimbilie kuhamisha jina kwenda kwa mtoto baada ya kusoma hapa. Hicho ndicho kitendo kinacholeta adhabu. Na mjue kuwa mpokeaji wa miaka 55 na zaidi akifariki, Ohio inaweza kudai kwenye mirathi yake ilichomlipia.

Nenda kwa mwanasheria wa mambo ya wazee kwanza. Kama hamuwezi kumlipa, Legal Aid of Southeast and Central Ohio wana ofisi Columbus, na wanasaidia wazee bure. Siku hiyo hiyo waulize na hati ya mzee kukuteua umwamulie mambo ya matibabu na ya pesa, asaini akili ikiwa bado timamu. Mwambie mzee aje nayo ile bahasha ya karatasi anayoiweka chini ya godoro, yote, hata zile anazosema hazina maana.